Sodiamu hutoa elektroni yenyewe ama inang'olewa? Kitabu cha mtoto kimenichanganya

#1 BabaLanet
Habari wadau. Niko na kijana wa kidato cha tatu, likizo hii amenikalisha mezani nimsaidie kemia. Mimi somo hilo niliachana nalo zamani, lakini kusoma nasoma. Daftari lake linasema metali hupoteza elektroni za ganda la nje ili ziwe imara, ndipo zinakuwa ioni zenye chaji chanya. Sodiamu ni 2.8.1 (elektroni za kila ganda, kuanzia ndani), inaachia ile moja, inabaki 2.8. Sawa, nikameza.

Kufungua nyuma ya kitabu nakutana na jedwali: kuondoa elektroni ya kwanza ya sodiamu kunahitaji kilojuli 496 kwa kila moli (kipimo cha idadi ya atomu). Kunahitaji! Yaani usipoweka nishati haitoki. Sasa kama kuipoteza ndio uimara wenyewe, mbona ing'ang'anie hivyo? Na hiyo nishati inatoka wapi? Kijana ananitazama, mimi nikamwambia kwanza tunywe chai.

Mwenye kuelewa anijibu bila kunikoromea.

#2 Kasuku254
Protoni 11, elektroni 10. Chanya moja. Uzi ufungwe.

#3 BabaLanet
@Kasuku254 hiyo hesabu hata mdogo wake wa gredi ya nne anaiweza. Sijauliza kwa nini inahesabiwa chanya. Nimeuliza ni nini kinaitoa hiyo elektroni.

#4 KondaKondele
Mzee wangu, chukua matatu ya Kondele saa kumi na mbili jioni. Waliobanana nyuma ya dereva huwatoi hata kwa winchi. Lakini kuna yule ananing'inia mlangoni, kiatu kimoja ndani, kingine hewani. Tuta moja tu, ameshuka bila kupenda. Dereva ni kiini cha atomu, wa ndani ni zile elektroni 10, wa mlangoni ndiye hiyo moja ya sodiamu. Wale 10 wamemziba, dereva hata hamuoni vizuri.

Klorini nayo ina 7 kwa ganda la nje na hakuna anayening'inia, wote wamekaa karibu. Ndio maana yenyewe hupokea tu.

#5 MwalimuNjoro
Konda amesema vizuri kuliko vitabu vingi, hasa hapo pa kuzibwa. Kiini cha sodiamu kina protoni 11, lakini elektroni ya nje haivutwi na zote 11 kikamilifu kwa sababu zile 10 za ndani ziko katikati. Ndiyo maana metali huwa rahisi kuliko visivyo metali: sodiamu 496, klorini 1,251.

Lakini rahisi si bure. Hata wa mlangoni haanguki gari likiwa limesimama. Atomu moja ya sodiamu ikiwa peke yake, mbali na kila kitu, haitoi elektroni yake milele. Kwa hivyo BabaLanet una haki ya kuuliza nishati inatoka wapi. Shikeni kalamu, tunachoma sodiamu ndani ya gesi ya klorini, na namba zote ni kilojuli kwa moli.

Kung'oa atomu za sodiamu kutoka kwa donge, 107. Kupasua molekuli ya klorini upate atomu moja, 122. Kutoa elektroni ya sodiamu, 496. Jumla umeshaingiza 725. Klorini ikipokea elektroni inakurudishia 349. Bado una pengo la 376! Ukiishia hapo hakuna chumvi duniani. Kinachookoa ni hatua ya mwisho: ioni chanya na ioni hasi zinavutana, zinajipanga katika fuwele, na hapo zinatoa 787. Toa 376, unabaki na 411 zinazotoka kama joto na mwanga. Ule mwali wa manjano unaouona kwa video ndio huo.

Kwa hivyo kwa maoni yangu si ganda la 2.8 linaloiumba ioni. Ni mvutano wa ioni na jirani yake.

#6 Kasuku254
Mwalimu, hesabu hizi zinazidi za mhasibu wa kaunti. Tofauti ni kwamba zako zimejumlika.

#7 PrefektiMstaafu
Kwa heshima, Mwalimu anawachanganya wazazi. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, haiulizi fuwele kwa swali la ioni. Metali hupoteza elektroni ili ipate mpangilio wa gesi adimu, zile gesi zenye ganda la nje lililojaa. Sodiamu inafanana na neoni, 2.8. Magnesiamu 2.8.2 inapoteza mbili, nayo inakuwa 2.8. Alumini tatu, 2.8 tena. Zote zinakimbilia neoni. Ushahidi uko kwa jedwali hilo hilo: elektroni ya pili ya sodiamu ni 4,562. Kutoka 496 mpaka 4,562! Hapo umegonga ganda lililojaa. Magnesiamu ni 738, kisha 1,451, kisha 7,733. Hizo ruka-ruka zinasema nini kama si uimara wa ganda lililojaa?

#8 MwalimuNjoro
Prefekti, hizo ruka-ruka zinasema ni wapi pa kusimama. Hazisemi kwa nini safari inaanza.

#9 FundiKibuye
Mimi sodiamu sijawahi kuiona na macho haya. Ninachokijua ni bati. Niko jua kali ya Kibuye, nachomelea mageti na kuezeka. Ukikata bati la zinki (chuma kilichopakwa zinki) na mkasi, ule ukingo unabaki chuma wazi, na mtu angesema kutu itaanzia hapo. Haianzi. Mvua ikishanyesha mara kadhaa, inama uangalie karibu: kuna unga mweupe umejipanga kando ya mkato, chuma chenyewe bado ni kijivu. Hata ukikwaruza bati na msumari, ule mkwaruzo mwembamba hauleti kutu haraka. Kutu nyekundu inakuja siku zinki ya jirani ikishakwisha.

Sasa Mwalimu #5 anasema fuwele ndiyo inarudisha nishati. Kwa bati langu fuwele iko wapi? Hapo kuna mvua peke yake. Na wewe Prefekti, niambie chuma kinakimbilia gesi gani adimu.

#10 DadaBahati
Fundi ameuliza maswali mawili kwa pumzi moja. Naketi.

#11 MwalimuNjoro
Fundi, mvua yenyewe ndiyo jibu. Molekuli ya maji ina upande ulioegemea hasi, ule wa oksijeni. Ioni ya zinki ikitoka, molekuli za maji zinaizunguka zote zikiielekezea huo upande. Mvutano huo unarudisha nishati kubwa sana: kwa ioni ya zinki yenye chaji 2 ni zaidi ya kilojuli 2,000 kwa moli. Mahali pa fuwele wameingia maji.

Na elektroni 2 zilizobaki hazielei kwenye mvua. Zinapita ndani ya metali mpaka kwenye chuma kilicho wazi, na pale juu ya chuma oksijeni ya hewani pamoja na maji wanazipokea, inatengenezwa haidroksidi. Chuma hakipati nafasi ya kutoa zake kwa sababu zinki inasukuma zaidi. Kwa kipimo cha volti zinki iko -0.76, chuma -0.44, shaba +0.34. Mwenye hasi kubwa ndiye hutangulia kuwa ioni. Unga wako mweupe ni hiyo ioni ya zinki ikishakutana na haidroksidi na kaboni dioksidi ya hewa.

#12 Samaki_Dunga
Kwa hivyo ndiyo ile kipande cha metali wanafunga kwa injini ya boti ili kiliwe badala yake! Niliuziwa cha zinki, jamaa wa duka akaapa ni kile kile cha Mombasa. Kimekaa kama kipya.

#13 MwalimuNjoro
Ni kile kile cha Mombasa, na hapo ndipo shida. Zinki ni ya maji ya bahari. Ziwa Victoria ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, umeme unapita kwa taabu na zinki inajifunika ngozi inalala. Maji baridi huwa yanatumiwa magnesiamu, ambayo iko -2.37. Kikikaa kama kipya maana yake hakifanyi kazi, kinacholiwa ni injini.

#14 Samaki_Dunga
Ala! Asante, kesho namrudia.

#15 DadaBahati
Turudi kwa swali la Fundi kuhusu chuma. Mimi nilifundishwa chuma ni 2.8.14.2. Kikitoa 2 kinabaki 2.8.14. Kikitoa 3, 2.8.13. Hiyo 13 inafanana na gesi gani adimu, Prefekti?

#16 PrefektiMstaafu
Metali za katikati ya jedwali zina sheria zao.

#17 Kasuku254
😂😂 Sheria zao. Kama wabunge.

#18 DadaBahati
Zina sheria zao na ndizo metali karibu zote ninazotumia nyumbani. Sufuria ya alumini nakupa. Kisu, waya wa shaba, bati, betri ya risasi ya sola, hakuna hata moja inayofuata neoni. Kanuni inayoshindwa na droo ya jikoni si kanuni, ni kumbukumbu ya kufaulu mtihani. Na elektroni 3 zikitoka kwa chuma, 2 za kwanza ni zile za ganda la nne, halafu ya tatu ndiyo inatoka kwa zile 14. Nimeona mtu kwa kundi lingine akiandika kinyume.

#19 OmwamiLurambi
Mulembe. Mnazungumza metali zinazokubali, mimi niwaletee inayokataa. Huku Kakamega watu walikuja mbio kutafuta dhahabu miaka ya 1930, na migodi ya Rosterman bado inatajwa. Mpaka leo kuna wanaochimba. Dhahabu ukiiacha kwa matope miaka 100 utaikuta inang'aa. Elektroni yake ya kwanza inataka 890. Iko mbali juu ya shaba kwa ile orodha ya volti.

Sasa sikilizeni. Wachimbaji wadogo wanatumia zebaki, na wengi wanadhani zebaki "inaila" dhahabu. Hapana. Pale hakuna ioni, dhahabu inabaki dhahabu, imejichanganya tu na metali nyingine. Ukiichoma zebaki inaruka (na inaingia kichwani mwako, wengi wameumia hivyo) dhahabu inabaki. Lakini viwanda vinatumia sianidi, na huko ndiko dhahabu hukubali. Ndani ya maji yenye sianidi na hewa, dhahabu inatoa elektroni yake kwa oksijeni, na ile ioni kabla haijageuka nyuma inashikwa na sianidi 2, moja kila upande. Bila wale wawili wa kuishika, oksijeni hiyo hiyo haiifanyi kitu.

Halafu kuna mzaha wa mwisho: wakitaka kuirudisha wanamwaga unga wa zinki! Zinki ya Fundi inatoa elektroni zake, dhahabu inazipokea na kudondoka kama metali.

Sianidi inaua. Msichukue hii kama mapishi.

#20 FizikiaTu
Omwami, post ya mwaka. Ongeza kwamba ukitazama kile kifurushi chote, ioni ya dhahabu chanya 1 na sianidi 2 za hasi moja moja, jumla yake ni hasi. Kwa hivyo ukiweka umeme kinaenda upande wa chanya. Metali imekuwa ioni chanya lakini inasafiri ikiwa ndani ya ioni hasi.

Na kwa sababu mnapenda kubishana: metali hazitoi ioni chanya PEKE YAKE. Dhahabu ikichanganywa na metali ya sesiamu inapokea elektroni, inakuwa ioni hasi. Sodiamu yenyewe, atomu moja angani, ukiipa elektroni ya ziada inatoa kilojuli 53. Yaani kuongezewa inafurahia, kupunguziwa inalipisha 496! Mwaka 1974 mwanakemia James Dye na wenzake kule Michigan walionyesha fuwele yenye ioni ya sodiamu ya hasi.

#21 PrefektiMstaafu
Sodiamu hasi? Omera, sasa umevuka mpaka.

#22 FizikiaTu
Sijavuka. Kwenye ile fuwele, ioni moja ya sodiamu ni chanya, imefungiwa ndani ya molekuli kubwa ya kikaboni yenye umbo la kizimba, na nyingine ni hasi. Bila kizimba zingerudiana kuwa metali ya kawaida. Ni kitu cha maabara, huwezi kukiona Kibuye. Lakini kipo, kwa hivyo "inataka kuwa kama neoni" haitoshi. Yenye hasi ni 2.8.2.

#23 BabaLanet
Wadau mimi niliuliza la mtoto wa kidato cha tatu 😅. Lakini endeleeni, nasoma na yeye yuko hapa pembeni anacheka. Anasema niwaulize: kama potasiamu inalipuka ikiguswa na maji, mbona ndizi hazilipuki?

#24 NesiKisumu
Hilo ni langu. Kijana, potasiamu ya ndizi ilishakuwa ioni kabla hata mgomba haujaiona. Ilikuwa ioni kwenye udongo, ikanywewa na mzizi ikiwa ioni, unaimeza ikiwa ioni. Ioni haina elektroni ya kutoa tena, kwa hivyo maji haina habari nayo. Kinacholipuka ni metali ya potasiamu, ambayo hakuna shamba linaota.

Huku wodini ioni hizi ndizo kazi. Sodiamu ya damu tunataka 135 mpaka 145, potasiamu 3.5 mpaka 5.0, milimoli kwa lita. Potasiamu ikipanda mpaka 7 mstari wa moyo kwenye mashine unaanza kubadilika sura, ile nundu ya mwisho inachongoka kama hema, na hapo hakuna mtu anakaa chini. Dawa ya kwanza tunayokimbilia ni ioni nyingine ya metali, kalsiamu, tunaipitisha polepole kwa mshipa. Haiondoi potasiamu hata kidogo. Inatuliza moyo tu mpaka zile dawa zingine zifanye kazi. Pakiti ya ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa mwenye kuhara, nayo isome nyuma: gramu 2.6 ni chumvi ya kawaida, 1.5 ni kloraidi ya potasiamu, kwa lita moja. Mtoto wa kuhara anarudishiwa ioni.

Msinywe maji ya betri mkidhani ni elektrolaiti. Nimeshaona mambo.

#25 KondaKondele
Dada umenitisha, nimeweka ndizi chini.

#26 DadaBahati
Hoja ya Nesi ni kubwa kuliko anavyoiandika. "Ilishakuwa ioni." Angalieni huku kwetu Nakuru. Ziwa Nakuru, Elmentaita, na Bogoria ya jirani Baringo, yote yamejaa sodiamu, maji ya magadi. Nani aliwahi kuona sodiamu ya metali ikitoa elektroni pale? Hakuna. Ilitoka kwenye mawe ya volkano, na ndani ya mawe ilikuwa ioni. Metali ya sodiamu haikuonekana na binadamu mpaka 1807, mwanakemia Humphry Davy alipopitisha umeme kwenye soda kali (haidroksidi ya sodiamu) iliyoyeyushwa na kuilazimisha ioni ipokee elektroni. Potasiamu aliipata mwaka huo huo kwa njia hiyo.

Kwa hivyo mimi nadhani swali lote limegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kwa sodiamu, ioni ndiyo hali ya kawaida. Metali ndiyo inayotengenezwa kwa nguvu. Tunamfundisha mtoto kama vile kila kitu kinaanza na atomu nzima halafu inaamua kutoa.

#27 Kasuku254
Na yale meno yetu ya kahawia ya Nakuru ni metali gani?

#28 DadaBahati
Si metali, ni floraidi ya maji ya visima, hiyo ni ioni hasi. Metali iko upande wako: kalsiamu ya jino. Ndio maana huku kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, kalsiamu fosfeti ya mfupa inaishika floraidi kabla haijafika kinywani. Usituhamishe uzi.

#29 FizikiaTu
Naunga mkono #26 na naenda mbali zaidi. Hata ndani ya donge la metali, elektroni za nje zimeshaachia. Haziko na atomu yoyote maalum, zinazunguka donge zima, ndiyo maana waya unapitisha umeme. Kipande cha zinki ni ioni chanya zilizopangwa, na elektroni zimejaa katikati yao zikizishikilia pamoja. Kwa hivyo ioni haiundwi kwenye maji, inaachiliwa tu. Kuitoa elektroni kwenye uso wa donge la sodiamu kunahitaji kama elektroni-volti 2.3 (kipimo kingine cha nishati), lakini kwenye atomu moja peke yake ni 5.1. Zaidi ya nusu ya kazi donge limeshaifanya.

Mlipuko wa sodiamu kwenye maji unaonyesha hivyo. Tulifundishwa ni haidrojeni inawaka. Mwaka 2015 kundi la Prague, Philip Mason na Pavel Jungwirth, walirekodi tone la mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu kwa kamera ya kasi kubwa. Tone likigusa tu maji, elektroni zinahama metali kabla ya kufumba jicho, metali inabaki na chanya tupu zinazosukumana, na tone linatoa miiba pande zote. Miiba hiyo ndiyo inaleta metali mpya kwenye maji haraka hivyo mpaka kulipuka.

#30 MwalimuNjoro
Video hiyo ninaionyesha darasani. Lakini "inaachiliwa tu" hapana. Ukisema hivyo utaeleza vipi zinki na shaba? Zote ni donge, zote zina elektroni zinazozunguka.

#31 OmwamiLurambi
Hiyo nimewahi kuikokotoa. Toa elektroni 2 kwa zinki: 906 na 1,733, jumla 2,639. Shaba: 745 na 1,958, jumla 2,703. Tofauti ni 64 tu, na maji yanarudishia shaba zaidi kidogo kuliko zinki. Kwa hesabu hiyo zingekuwa karibu sawa. Pale zinapotengana ni kung'oa atomu kutoka kwa donge: zinki 130, shaba 338. Kwa hivyo zinki haitangulii kwa sababu elektroni zake ni legevu. Inatangulia kwa sababu donge lake ni legevu.

#32 PrefektiMstaafu
Sasa kila metali ina sababu yake? Sodiamu ni fuwele, zinki ni donge, dhahabu ni sianidi. Heri yangu, angalau ni moja.

#33 DadaBahati
Ni moja na si kweli.

#34 MwalimuNjoro
Msipigane. Hesabu ya Omwami naikubali kwa zinki na shaba. Lakini ongezeni lithiamu mwone itakavyowavuruga. Elektroni yake ya kwanza inataka 520, ya sodiamu 496, ya potasiamu 419. Kwa hoja ya konda, lithiamu ndiye amekaa ndani zaidi kuliko wote watatu. Donge lake pia ni gumu kuliko yao. Lakini kwenye maji volti yake ni -3.04, potasiamu -2.93, sodiamu -2.71. Mgumu kuliko wote anaongoza! Sababu ni udogo wake: maji yanaisogelea sana ioni ya lithiamu, yanarudisha kama 520, wakati potasiamu inarudishiwa kama 322. Hapo maji yameshinda donge na yameshinda ganda.

#35 Kasuku254
Sasa naelewa kwa nini nilipata D.

#36 BabaLanet
Basi kijana aandike nini kwa mtihani?

#37 MwalimuNjoro
Aandike hivi: atomu ya metali ina elektroni chache kwenye ganda la nje, kiini hakizivuti sana, huzipoteza na kubaki na protoni nyingi kuliko elektroni. Achore 2.8.1 na 2.8, aweke mabano na chanya. Akiulizwa kwa nini potasiamu ni kali kuliko sodiamu ataje umbali wa ganda na kuzibwa. Alama zote anapata. Haya mengine ayaweke akiba ya chuo.

#38 BabaLanet
Asante Mwalimu. Ana lingine. Kwa jedwali magnesiamu ni 738 na alumini 578. Alumini ina protoni zaidi, mbona yake inatoka kwa urahisi?

#39 PrefektiMstaafu
Kwa sababu zile 2 za magnesiamu ni jozi kamili, imara. Ya tatu ya alumini iko peke yake.

#40 MwalimuNjoro
Mimi nasema ni kwa sababu ya tatu ya alumini iko kwenye njia nyingine ya elektroni (obitali) ndani ya ganda lile lile, juu zaidi kwa nishati, na zile 2 zinaiziba kiasi. Jozi kamili haiongezi chochote hapo.

#41 FizikiaTu
Mnasema kitu kimoja kwa lugha mbili.

#42 PrefektiMstaafu
Hatusemi kitu kimoja.

#43 MwalimuNjoro
Kweli, hatusemi.

#44 FundiKibuye
Kabla hamjaendelea, nina kazi Mamboleo. Mteja ana sola hita, bomba la shaba, linadondosha maji juu ya bati la zinki. Pale linapodondokea pametoboka duara, na bati halina hata miaka mingi. Kando yake bati ni zima. Nilipaka rangi, ikabanduka pale pale. Bomba halijagusa bati, liko juu kabisa. Sasa shaba inafanyaje kazi ikiwa mbali?

#45 OmwamiLurambi
Fundi, shaba haiko mbali, inakuja na maji. Kila tone limebeba ioni kidogo za shaba kutoka ndani ya bomba. Likigusa bati, ioni ya shaba inachukua elektroni za zinki, shaba inaganda pale kama doa dogo la kahawia, zinki inaondoka na maji. Halafu hilo doa lenyewe linakuwa mahali ambapo oksijeni inaendelea kupokea elektroni, kwa hivyo linakula hata tone likiisha. Zinki ikiisha wanahamia kwa chuma. Kwaruza ukingo wa tundu, utaona madoa hayo kabla ya kufika kutu.

Mahali pa kutibu ni lile tone. Lipitishie maji bomba la plastiki mpaka chini, lisiguse bati wala gata ya alumini.

#46 FundiKibuye
Madoa ya kahawia yapo, nilidhani ni uchafu wa majani. Sawa Omwami. Kesho nabadilisha hilo bati moja na kuteremsha plastiki mpaka kwa shimo la maji. Mteja atalia bei lakini atalipa.